Kona Zilizopigwa Pasi

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye leseni na wasio na leseni, kwamba hii ni taarifa kamili na ya haki ya ukaguzi wa kumbukumbu za biashara ya kukodisha mahema na viti, uliofanyika mbele ya mashahidi wa kuaminika. Mashahidi wenyewe walikuwa mama wa nyumba, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akilala kama mtu anayesubiri basi. Mzee mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, moja tu ndiyo inayoandika. Binti wa nyumba, msichana mwenye akili nyingi na tabia njema kupita kiasi. Na kuku wa jirani, aliyeingia bila hodi na kutoka bila kuaga.

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi. Tarishi alisimama mlangoni, akasoma jina juu ya bahasha, akatazama rundo la viti vya plastiki nyuma ya mama wa nyumba.

"Mwenyewe yupo?"

"Hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

Mama Kivuli alilifikiria swali hilo kama lilivyoulizwa. "Hatarudi," akasema.

"Basi wewe nani wake?"

"Mkewe."

"Saini hapa. Mbele ya jina andika 'kwa niaba'."

Akaandika kwa niaba, akasaini. Tarishi akamshukuru, akamwambia amsalimie mzee akirudi.

Mzee Kivuli aliitwa hivyo kwa kuwa alikodisha kivuli. Ukiwa na watu hamsini alikuletea hema dogo, na alikuwa nayo mawili. Ukiwa na watu mia mbili alikuletea hema kubwa, la mistari ya buluu na nyeupe, ambalo lilinunuliwa kwa mkopo wa miaka minne. Mkopo uliisha mwezi mmoja kabla ya yeye mwenyewe kufa. Mahema madogo yalijilisha yenyewe. Hema kubwa ndilo lililolipa kodi ya nyumba, mafuta ya gari la kubebea, na ada ya binti katika shule ya bweni, ambako walimu walikuwa wakimthamini sana na kumwita ofisini mara kwa mara.

Barua ilisema hivi, kwa maneno mengi zaidi: baada ya siku kumi na nne afisa wa kodi atafika mahali pa biashara kukagua vitabu vya risiti vya miaka mitatu. Mahali pa biashara palikuwa sebule. Mama Kivuli aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaiweka juu ya televisheni, pale ambapo mumewe alikuwa akiweka funguo, akarudi kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

*

Mwenye kalamu tatu aliitwa Desimali. Zamani alikuwa karani, sasa alizunguka mitaani akiwatengenezea watu hesabu kwa malipo ya chai na bahasha. Alikuwa rafiki wa marehemu, hivyo yeye na Mama Kivuli waliitana shemeji. Alikaa siku mbili sebuleni na sanduku la vitabu vya risiti miguuni. Siku ya pili alivua miwani.

"Shemeji, nina mambo mawili. La kwanza dogo. Vitabu hivi vichafu. Hiki kina mafuta. Hiki sijui kimekaliwa na nani. Na kona zote zimekunjamana kama masikio ya mbwa. Afisa wa kodi ni sawa na mkwe, kabla hajaonja chakula ameshaitazama sahani."

"Nitavisafisha. La pili?"

Desimali akageuza karatasi ili aione. Kulikuwa na tarakimu mbili, kila moja imezungushiwa duara.

"Hii ndiyo risiti zinasema mumeo alipokea. Hii ndiyo iliyofika benki na kwenye matumizi. Unaona hapo katikati?"

"Naona pengo."

"Pengo hilo ni kubwa, shemeji. Afisa atatoza kwa risiti. Risiti imegongwa muhuri wa IMELIPWA, imesainiwa, hana haja ya kukuuliza hela ilikwenda wapi. Kwa hesabu yangu, kodi na faini yake ni bei ya hema kubwa. Ukibahatika, utabakiwa na kamba zake."

Mama Kivuli alisimama kwenda kumimina chai. Nyuma ya mlango wa ukumbi, binti mwenye tabia njema, aliyekuwa likizo, alikuwa akifuta vumbi kiti kimoja kwa muda mrefu sana.

"Mimi ndiyo nakuuliza hela ilikwenda wapi," Desimali aliendelea, sauti ikishuka. "Siyo kwa ubaya. Nataka kujua tunajitetea na nini. Marehemu hakuwa na... pahali pengine?"

"Pahali gani?"

"Pa kulala."

"Unaweka sukari vijiko vingapi, shemeji?"

"Viwili."

Akatia vinne, akakoroga, akampa. Desimali alikunywa yote bila kusema neno, na hilo linapaswa kuandikwa upande wa mapato yake.

*

Kazi ya Mama Kivuli katika biashara ile ilikuwa pasi. Viti vilirudi kutoka kwenye shughuli na matope. Vitambaa vya meza vilirudi na mchuzi, nta na alama za midomo. Yeye aliviloweka, akavianika, akavipiga pasi hadi vikawa havikumbuki chochote. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba vitabu ni vichafu na kona zimekunjamana, alifanya alichokijua. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alitandika blanketi juu ya meza, akaweka mkaa kwenye pasi, akafungua kitabu cha kwanza.

Vilikuwa vitabu tisa, vya risiti hamsini hamsini. Risiti yenyewe alikwenda nayo mteja; nakala ya kaboni ilibaki kitabuni. Nyingi zilikuwa zimechakaa tu. Lakini baadhi zilikunjwa kona ya chini ya kulia, mkunjo mdogo, wa makini, uliobonyezwa kwa ukucha. Mama Kivuli alidhani mumewe alikuwa akiweka alama mahali alipoishia kuhesabu. Alikuwa mtu wa kukunja vitu, tiketi, bahasha, mikono ya shati. Hakuona sababu ya kuwaza zaidi. Alitandaza kitambaa cheupe juu ya nakala ili kaboni isichafue pasi, akainyoosha kona kwa kidole gumba, akaipitishia moto.

Binti alipewa majukumu mawili: kushika ukurasa usirudi, na kunyamaza. Yote mawili aliyatekeleza kwa ufanisi mkubwa.

Kufika kitabu cha nne Mama Kivuli alikuwa akivumisha wimbo usio na maneno, wa puani, ule aliokuwa akiuvumisha zamani akipiga pasi vitambaa vya harusi. Sebule ilinuka karatasi ya moto. Hakutazama mlango hata mara moja. Kufika jioni vitabu vilikuwa vimelala mezani bapa kama vipya, na mama wa nyumba akavipanga kwa namba, akaviwekea jiwe juu.

"Angalau kitu kimoja kimekwisha," alisema.

*

Swali la Desimali halikumtoka. Kila akiinama kufagia lilikuwa pale chini. Siku ya saba alikaa na vitabu vyake visafi akatafuta majina ya wanawake, na hakuchelewa kulipata: mjane wa fundi saa. Hema kubwa, siku mbili, viti mia na themanini, imelipwa. Alimkumbuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye shingo ndefu, ambaye mumewe alikuwa akitengeneza saa kwenye kibanda cha bati karibu na kituo cha mafuta. Mke wa mtu wa saa za kubandika betri anapata wapi hela ya hema kubwa siku mbili?

Alivaa gauni la heshima, akaenda.

Mjane alikuwa kibandani, kioo cha fundi kimening'inia shingoni. Alikuwa amejifunza kazi ya mumewe. Alipomwona Mama Kivuli, alifunika saa aliyokuwa akiifungua, akanyanyuka, akamsogezea stuli.

"Nilijua utakuja, dada. Nimekuwa nikijiandaa. Lakini kwa mwezi huu sina."

"Huna nini?"

"Hela ya viti. Si ndiyo umekuja kudai?"

Mama Kivuli akakaa. "Risiti inasema umelipa."

Mjane akainama chini ya meza, akatoa bati la biskuti. Ndani mlikuwa na skrubu, kamba za saa, na risiti iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki.

"Siku ya tatu ya msiba shemeji zangu walikaa kikao," alisema. "Kila mmoja anataja alichotoa. Huyu jeneza, huyu gari. Wakauliza, hema na viti nani amelipia? Nikajua kinachofuata. Wakishagharamia wao, na kibanda ni chao, na vyombo ni vyao. Nilikuwa nimemwambia marehemu Mzee Kivuli tangu mwanzo kwamba sina. Alinisikia tu. Saa ileile akaingia, akaniita pembeni, akanipa hii. Akasema, weka mezani, usiongeze neno. Nikaiweka. Waliisoma mmoja mmoja. Yule mkubwa aliisoma mara mbili. Ndiyo sababu unanikuta hapa nafungua saa za watu."

"Hukulipa."

"Hata senti."

"Wala hakukuomba kitu?"

"Kitu gani?"

Mama Kivuli akashusha macho kwenye gauni lake la heshima. Mjane alimtazama kwa muda, kisha akakivua kile kioo shingoni, polepole, akakiweka mezani.

"Aa," akasema. "Ulikuja kwa hilo."

"Nilikuja kwa hilo."

"Basi kaa unywe maji kwanza."

Akanywa. Akamweleza habari ya afisa. Mjane akasema akitakiwa kuandika barua kwamba hakulipa, ataandika. Kwa alichotendewa na Mzee Kivuli, hawezi kukataa. Alipokuwa akisema hivyo vidole vyake vilikuwa vikifungua na kufunga kifuniko cha bati, fungua, funga. Shemeji zake walikuwa wakikaa nyumba ya nne kutoka pale.

"Nitarudi," alisema Mama Kivuli. Hakurudi.

Njiani alijaribu kujisikia vizuri. Mume wake hakuwa na pahali pengine pa kulala. Alikuwa na kitu kingine, alikuwa akigawa mahema. Alijaribu kukasirika, hilo nalo likashindikana. Alinunua sabuni, akarudi nyumbani.

*

Kama alimpa mmoja, aliwapa wangapi? Vitabuni zote zilifanana, muhuri uleule, saini ileile, sasa pia zimenyooka kwa namna ileile. Alichagua risiti ya msiba mwingine mkubwa, wa mama wa mtu mwenye mashine ya kusaga, akaenda kuuliza kwa adabu.

Alikosea saa. Alifika wakati foleni imejaa. Mwenye mashine alikuwa mtu wa kusikia vibaya kwa ajili ya injini, na wa kuongea kwa sauti kubwa kwa ajili ya nafsi yake.

"Unasema?"

"Nilisema, ule msiba wa mama. Viti. Nataka kujua tu kama..."

"Kama nini? Zima hiyo," alimwambia mtu wa mashine, na injini ikazima, na foleni nzima ikabaki na kazi moja ya kusikiliza. "Kama nini, mama?"

"Kama ulilipa."

"Mimi? Nilimzika mama yangu bure?"

"Nauliza tu, baba. Kuna watu wa kodi."

"Nina risiti. Imeandikwa imelipwa. Kasaini mumeo kwa mkono wake. Au unakuja kutuambia hapa kwamba marehemu alikuwa mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi alikuwa mkweli, na mimi nililipa. Ukiwa na shida ya unga sema, nitakupimia kilo mbili. Usipitie kwenye kaburi la mama yangu."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, mwingine akamnyamazisha, na huko kunyamazishwa ndiko kulikoumiza zaidi. Huenda alilipa kweli. Ndilo lililokuwa gumu, hakuwa na njia ya kujua. Alirudi nyumbani unga ukiwa umemtulia kwenye nywele na nyusi, na binti alipomfungulia mlango alidhani kwa nukta moja kwamba mama yake amezeeka njiani.

"Umepatwa na nini, mama?"

"Hakuna. Leta maji ya kunawa."

*

Afisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye begi la kompyuta na viatu vinavyobana. Alipoona kwamba ofisi ni sebule aliomba ruhusa, akavivua chini ya meza. Desimali alikuwepo tangu saa moja, amevaa tai. Kuku alikuwepo.

"Vitabu safi sana," alisema afisa, akipitisha kiganja. "Miaka minne nafanya kazi hii, sijawahi kuona vitabu kama hivi."

"Ni utaratibu wetu," alisema Desimali.

Alifanya kazi saa mbili. Alisoma kila namba, akagonga kompyuta, akanywa maji. Hakuuliza hela ilikwenda wapi. Mama Kivuli alikaa kwenye kimoja cha viti vyake vya kukodisha, mikono mapajani, kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli asiyowajua wenyewe. Kisha afisa akatoa karatasi moja kutoka kwenye faili la matumizi.

"Hapa kiwanda cha uchapaji kiliwachapia vitabu kumi. Hapa naona tisa, hadi namba mia nne na hamsini. Cha kumi kiko wapi?"

"Hakijaanza kutumika," alisema Desimali.

"Sawa, nikione kikiwa hakijaanza."

Wakatafuta kabatini. Wakatafuta chini ya kochi. Mama Kivuli akamgeukia binti, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango akiwa na sura ya malaika aliyemeza kitufe.

"Wewe hujakiona?"

Binti aliondoka. Alirudi nacho kutoka kwenye sanduku lake la shule, chini kabisa, kwenye viatu vya michezo. Kilikuwa na vumbi na hakikupigwa pasi. Nakala moja tu ilikuwa imeandikwa, ya kwanza. Afisa aliisoma kimya, kisha kwa sauti.

"Namba mia nne hamsini na moja. Mteja, familia ya Mzee Kivuli. Hema kubwa, siku tatu. Viti mia mbili na sitini. Imelipwa. Mama, samahani, marehemu alifariki lini?"

Mama Kivuli akaitaja tarehe.

"Hii ameisaini siku nne baadaye."

Desimali alikohoa.

"Alikuwa mchapakazi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Afisa alikuwa amevaa viatu vyake tena, bila kuinama, kwa vidole. Alieleza kwa upole kwamba saini ya kughushi ni kosa la jinai, na kwamba ikionekana moja humlazimu kuzitilia shaka zote. Lakini Mama Kivuli hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amenyoosha mkono, amekichukua kile kitabu. Alikuwa akitazama kona ya chini ya kulia. Ilikuwa imekunjwa, mkunjo mdogo, wa makini, uliobonyezwa kwa ukucha.

Akaukunjua. Akaukunja tena.

"Kona hii nani alikunja?"

"Mimi," alisema binti.

"Kwa nini?"

"Ndivyo zinavyokunjwa. Zile zisizolipwa."

Mama Kivuli akageuza shingo, akavitazama vitabu tisa vilivyokuwa vimerudishwa chini ya jiwe. Alivitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko.

Afisa ndiye aliyesogea kwanza. Alichukua kitabu cha juu, akakifungua, akakiinamisha upande wa dirisha. Mwanga ulipolala juu ya karatasi, mstari mwembamba ulionekana, kukatiza kona. Pasi ilikuwa imeinyoosha karatasi, mkunjo haikuweza kuufuta. Akageuza ukurasa, na mwingine. Alivipitia vitabu vyote tisa kwa namna hiyo, akiinamisha, akiandika namba pembeni. Zilizokunjwa zilikuwa thelathini na moja. Ya mjane ilikuwepo. Ya mwenye mashine ilikuwepo.

"Kona si ushahidi," alisema afisa. "Lakini kuna utaratibu. Nikiwapata hawa thelathini na moja, kila mmoja akathibitisha kwa maandishi kwamba hakulipa, tunaziondoa. Hesabu inashuka sana. Hema linabaki."

"Unawapataje?"

"Tunawapelekea barua nyumbani."

"Yenye muhuri."

"Ndiyo, ya ofisi."

"Na asipokuwepo mwenyewe?"

"Anapokea ndugu wa karibu. Anasaini kwa niaba."

Kuku aliona inafaa kupita katikati ya chumba, na Mama Kivuli akamsindikiza kwa macho. Desimali alimtazama kwa macho ya kumsihi, akatikisa kichwa kama anayemfundisha mtoto kusema ndiyo.

"Na mimi nikisema zimelipwa?"

"Basi zimelipwa, mama. Nitatoza."

"Zimelipwa."

"Shemeji," alisema Desimali.

"Zote thelathini na moja?" aliuliza afisa.

"Zote. Yule wa mashine nilimsikia mwenyewe akisema kalipa. Watu wengi walisikia."

Afisa akakitazama kitabu cha kumi. "Na hii?"

Mama Kivuli aliomba kalamu. Desimali alimpa ya kwanza, haikuandika. Ya pili, haikuandika. Ya tatu ikaandika. Chini ya saini ya mumewe, ile ambayo haikuwa ya mumewe, aliandika kwa niaba, akaweka yake.

"Hiyo nayo imelipwa," alisema. "Itoze."

Afisa aliitazama saini ile kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama zile zote mia nne na hamsini. Kisha akaiingiza kwenye kompyuta, kama nyingine.

*

Hema kubwa lilinunuliwa na mtu wa mtaa wa mbali, aliyepunguza bei kwa sababu ya kiraka kimoja. Ada ya bweni haikuwepo tena. Muhula uliofuata binti angesoma shule ya kutwa, ambako walimu bado hawakujua bahati yao. Asubuhi ya kulikabidhi, mama na mwana walilitandaza uani kulifagia mara ya mwisho.

"Ile risiti ya mwisho uliiandika kwa nini?" aliuliza Mama Kivuli, akifagia.

Binti alieleza kwamba siku ile, mama akiwa chumbani na wanawake, baba mkubwa aliuliza mbele ya kikao hema na viti nani atalipia, na kwamba baba mkubwa alikuwa amelitazama hema lile kwa namna ya mtu anayepima shati. Binti akatoka, akaandika, akagonga muhuri, akaiweka mezani bila kuongeza neno. Baba mkubwa aliisoma na kunyamaza. Hakugundua nani kasaini.

Mama Kivuli karibu atabasamu. "Na habari ya kona ulikuwa umeijua lini?"

Binti, kwa unyofu wake unaojulikana, alijibu kwamba hakuwa ameijua vizuri, kwamba ilimjia tu siku ile ya afisa, alipoona.

Mama aliacha kufagia.

"Wewe ndiye uliyekuwa umeshika ukurasa," alisema.

Nilikuwa nimeshika ukurasa. Taarifa hii rasmi haiwezi kwenda mbele bila kusema hivyo, na yule msichana wa tabia njema naomba mumfute kila mahali nilipomweka. Nilizijua kona tangu nina miaka kumi na moja. Baba alinifundisha kuzikunja kwa ukucha, likizo, kwenye gari la viti, akaniapisha, tukacheka. Niliuona ni mzaha mkubwa kuliko wote niliofanya shuleni, pamoja na ule wa kengele, kwa sababu waliofanyiwa walikuwa ndugu wa marehemu wa watu, na hakuna aliyewahi kugundua. Mama alipoanza kupiga pasi ningeweza kusema. Kona zilikuwa mkononi mwangu, moja moja, nikazishika zinyooke vizuri. Nilikuwa nimemsikia Desimali akiuliza pahali pa kulala. Nilivihesabu vile vijiko vinne. Nikamwacha mama yangu siku nne nzima akimtafuta mwanamke vitabuni, kwa sababu nilijua akiuliza kona ataniuliza kitabu cha kumi. Nimejaribu kujiambia kwamba ilikuwa ahadi ya baba, au kwamba ilikuwa ule wimbo, kwamba sikutaka auache. Wimbo niliusikia kweli. Lakini nilinyamaza kwa ajili yangu.

Nilimwambia yote hayo pale uani, kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alinisikiliza akiwa ameushikilia ufagio. Mnunuzi alikuwa ameshafika, anapiga honi barabarani.

Hema kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unaanzia pembeni, mnatazamana, kila mtu na upande wake, mnatembea kukutana katikati. Mama aliuegemeza ufagio ukutani, akainama, akachukua pembe moja, akangoja.

"Shika kona," aliniambia.

Nikashika.